Binti Asomaye Kimyakimya

Jumatatu, 1 Julai 1957

Nimerejea jana kutoka Kipini, nilikokwenda kumsomea hitima marehemu mke wangu, Fatma, aliyetimiza mwaka tangu afariki. Nyumba ya mwalimu nimeikuta kama nilivyoiacha: kiti, kitanda, kabati la vitabu, na mtungi ambao hakuna mtu aliyeusogeza. Nimefagia mwenyewe.

Kijiji hiki kiko ng'ambo ya mto, upande usio na barabara. Atakaye Garsen huvuka kwa mtumbwi. Wenyeji ni Wapokomo, wakulima wa mpunga. Ni watu wema, lakini hawaji kwangu. Nadhani wanaogopa kusahihishwa. Mimi nami sijui nitawezaje kuisikia lugha ikivunjwa nikanyamaza.

Mtihani wa kuingia shule ya kati utafanyika mwezi Septemba. Anayeanguka harudii darasa; hurudi shambani. Katika darasa langu la nne ninaye mwanafunzi mmoja tu anayeweza kufaulu, naye ni msichana. Jina lake Binti. Siku ya kumwandikisha nilimwuliza baba yake, Duba, "Binti nani?" Akajibu, "Binti." Nikamweleza kwamba hilo ni neno, si jina. Akasema, "Sisi tunamwita hivyo na anaitika." Nikaandika Binti Duba.

Jumamosi, 6 Julai

Mkutano wa wazazi. Waliketi katika madawati ya watoto wao, magoti yakiwagusa videvu. Niliwaeleza kwamba saa za shule hazitoshi. Kila jioni mtoto ni lazima asome nyumbani, na mzazi ni lazima ahakikishe kwamba anasoma.

"Na sisi tusiojua, Mwalimu?" aliuliza mke wa Duba, ambaye watu humwita Mama Binti.

"Kusimamia hakuhitaji kujua. Washa taa, keti karibu, hakikisha mtoto anasoma."

"Mafuta ya taa analeta nani, serikali?"

Walicheka wote. Mimi sikucheka. Nilirudia maneno yangu, kisha nikafunga mkutano. Nilidhani nimesema wazi.

Jumanne, 9 Julai

Jambo jema. Jioni hii, baada ya magharibi, nyumba zote zilikuwa zikisoma. Nilizisikia sauti za watoto kutoka mwanzo wa kijiji hadi mwisho wake, na sauti ya Binti ikiwa juu ya zote. Nimeketi barazani hadi isha. Sijaketi nje hivi tangu nilipohamia hapa.

Jumatano, 10 Julai

Sauti tena. Upepo wa kusi.

Alhamisi, 11 Julai

Sauti tena. Nimekitoa kiti nje mapema.

Jumatatu, 15 Julai

Nimevuka kwenda Garsen kununua sabuni na chaki. Yarrow, Msomali mwenye duka, alinipokea kwa mikono miwili. "Mwalimu, wewe nafanya mimi tajiri," alisema. "Watoto nasoma, mafuta ya taa nakwisha." Sikumsahihisha. Nilitaka sana.

Jumatano, 17 Julai

Leo nimetambua kwamba nimekuwa mjinga.

Nilikuwa barazani kama kawaida. Kwa siku hizi zote nilifurahia sauti bila ya kuyasikiliza maneno, kama mtu anavyosikia mvua. Leo niliyasikiliza, kwa ajili ya niliyoambiwa shuleni. Nyumba ya kwanza ilikuwa ikisoma habari za mzee aliyepoteza ng'ombe mweupe. Ya pili, ng'ombe mweupe. Nyumba ya Duba, ng'ombe mweupe. Kijiji kizima kilikuwa kikiupigia kelele ukurasa mmoja wa kitabu cha darasa la pili, ambao kila mtoto anaujua kwa moyo.

Asubuhi nilikuwa nimeziona hesabu za Binti. Amerudi nyuma. Kitabu kipya hajakigusa. Nilipomwita baada ya masomo na kumwuliza sababu, aliinamisha macho.

"Baba anataka kusikia, Mwalimu."

Nilimtoa maneno kidogo kidogo. Jioni ya kwanza alifungua kitabu kipya, akasoma kama nilivyomfundisha, midomo imefungwa, kwa kuwa nimelikataza darasa la nne kusoma kwa midomo. Baba yake alikuwa karibu, akisimamia kama nilivyomwagiza. Akamwambia asome. Binti akajibu kwamba anasoma. Duba akasema, "Mimi si kiziwi," akamchapa kwa kamba ya mtumbwi. Siku ya pili alikisoma kitabu hicho kwa sauti, lakini ni kipya, akawa anasitasita. Baba yake akasema kwamba anayesitasita hajui. Basi akachukua ng'ombe mweupe. Akaenda kasi, bila ya kusita, na baba yake akalala na furaha. Wenziwe nao wakafanya hivyo hivyo.

Amri zangu mbili zilikutana katika nyumba ile, na aliyechapwa ni mtoto.

Ijumaa, 19 Julai

Nimekwenda kwa Duba baada ya alasiri. Nilimkuta uani akisuka kamba. Mkewe alikuwa akimnyonyesha mtoto mchanga. Nilimwambia bila ya kuzunguka kwamba alimchapa Binti bila ya kosa.

"Alikuwa hasomi," alisema.

"Alikuwa akisoma kimyakimya."

"Mwalimu, mimi nilikwenda chuo cha Kurani. Watoto wa chuo unawasikia toka mtoni. Anayenyamaza, fimbo. Maalimu hana haja ya kutazama, anasikia tu nani amelala. Sasa wewe unaniambia mtu anasoma na mdomo umefungwa?"

"Ndiyo."

"Basi na mimi naweza kulima nimelala."

"Hiyo umeshaweza," alisema mkewe.

Siku nyingine ningeaga nikaondoka. Leo nilitoa penseli na karatasi, nikamwomba amtume Binti mtoni. Binti alipokuwa mbali, nilimwambia Duba, "Niambie jambo lolote unalotaka alifanye. Nitaliandika hapa. Akirudi sitasema neno, wala ninyi msiseme."

Duba alitazama huku na huku kama mtu anayeficha mali, kisha akaninong'oneza. Nilimwuliza kama ana hakika.

"Andika. Hilo hawezi kulibahatisha."

Binti alirudi na mtungi kichwani. Nilimpa karatasi. Aliisoma midomo ikiwa imefungwa. Akanitazama. Akaisoma tena. Kisha akautua mtungi, akamwendea baba yake, akamshika sikio la kushoto.

Mtoto hamshiki baba yake sikio. Mama yake alijiziba mdomo kwa leso. Binti hakuliachia, kwa sababu karatasi haikusema aliachie lini.

Nilitazamia kwamba Duba atacheka. Hakucheka. Alikaa vivyo hivyo, sikio likiwa mkononi mwa mwanawe.

"Basi siku ile ulikuwa unasoma," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Na ulisema."

"Ndiyo, Baba."

"Achia sikio, mama," alimwambia. Sijapata kumsikia akimwita mwanawe hivyo.

Nilirudi nyumbani, nikala mhogo wa jana.

Jumatatu, 22 Julai

Habari imeenea. Wazazi wamekuja na karatasi, kila mmoja akitaka nimwandikie amri ya kumjaribia mwanawe. Mmoja aliamuru mwanawe apande juu ya paa. Alipanda, na paa likabomoka. Mwingine aliamuru kijana wake aombe radhi kwa kosa ambalo hakunieleza. Karatasi ilisomwa, na radhi ikaombwa. Niliwaeleza kwamba mtoto aachiwe taa na utulivu, na atakaposema anasoma, aaminiwe.

Jumanne, 23 Julai

Jioni ya leo kijiji kimenyamaza. Taa zinawaka. Nilitaka iwe hivyo, na ndivyo ilivyo. Nimekaa barazani, hakuna kilichosikika ila vyura. Nimeingia ndani mapema.

Alhamisi, 1 Agosti

Punje za mpunga zimeingia maziwa, na kwerea wamekuja. Ni ndege wadogo wanaoenea kiganjani, lakini huja kama moshi wa moto wa nyika, na wakishuka, shamba hubadilika rangi. Watoto wote wamepelekwa kuamia, kufukuza ndege mashambani. Katika darasa la nne nimewafundisha wanafunzi wawili. Binti hayumo.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimekwenda shambani. Binti alikuwa juu ya dungu, jukwaa la miti ambalo waamiaji hukaa ili waone shamba lote, na kombeo mkononi. Alipoliona wingu la ndege alipiga ukelele ambao sikudhani unaweza kutoka katika mwili ule. Hakuwa na kitabu. Nilimwuliza kwa nini, akajibu kwamba aliposoma mstari mmoja, ndege walikula jaruba moja la mpunga.

Duba alitokea ng'ambo ya majaruba, macho mekundu.

"Nilidhani umeniamini," nilimwambia.

"Nimekuamini. Ndege hawajakuamini."

"Mtihani ni mwezi ujao."

"Usiku nafukuza viboko, Mwalimu. Mchana nisipolala nitaanguka mtoni. Mama yake ana kichanga. Mpunga huu ukiliwa, tutakula nini? Karatasi?"

"Akiukosa mtihani atakaa juu ya dungu hili maisha yake yote."

"Na akiupata, nani atakaa?"

Mtu asiye na jibu hupandisha sauti. Nilimwambia kwamba anamuuza mwanawe kwa pishi ya mchele. Binti alisikia kila neno. Duba aliondoka bila ya kuniaga. Watu wa hapa humuaga hata wasiyempenda.

Jumapili, 4 Agosti

Mtoni hakuna aliyenisalimu.

Jumanne, 6 Agosti

Hivyo hivyo.

Ijumaa, 9 Agosti

Shule imefungwa kwa likizo. Nilifunga mzigo wa kwenda Kipini. Nyumba ya huko ufunguo wake ninao mimi, na ndani yake vimo vyombo vya Fatma vilivyofunikwa kwa kitambaa. Nilikaa juu ya mzigo, nikafikiri ni nani atakayenifungulia mlango.

Nimeufungua mzigo.

Jumatatu, 12 Agosti

Alfajiri, baada ya sala, nilikwenda shambani kwa Duba. Hakuwako; alikuwa ndiyo kwanza amerudi kulala. Nilimwambia Binti ashuke.

"Ndege, Mwalimu."

"Ndege ni kazi yangu. Kitabu cha hesabu hiki hapa. Keti chini ya dungu, kivulini."

Kanzu haifai kupandia dungu. Niliipandisha, nikaifunga kiunoni, jambo ambalo sijapata kulifanya mbele ya mwanafunzi. Vijiti vililia, lakini vilinibeba. Kutoka juu niliuona mto mpaka unapopinda, na moshi wa Garsen, na mpunga ambao masuke yake yalikuwa yameanza kuinama. Kisha wingu likaja.

"Nendeni zenu," niliwaambia.

Walishuka wote. Mama Binti alikuwa akipita kwenye tuta, mtoto mgongoni. Alisimama.

"Mwalimu, unawaomba au unawafukuza?"

"Ninawafukuza."

"Ndege wa hapa hawajui Kiswahili cha Kipini. Watukane."

"Sijui matusi, Mama Binti."

"Basi wasahihishe. Ukisahihisha, watu wote hukimbia."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti kubwa, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau, na ndege wote wakaruka.

Jumanne, 13 Agosti

Ndege.

Jumatano, 14 Agosti

Ndege. Bega la kulia linauma kwa kombeo. Binti amemaliza hesabu za sehemu.

Ijumaa, 16 Agosti

Msikitini leo watu walisogea wakanipa nafasi katika safu. Duba alikuwa mwisho wa safu. Hakunitazama.

Jumatano, 21 Agosti

Ndege kutoka alfajiri hadi machweo. Nimejifunza kuwaona kabla hawajashuka. Wimbi la kwanza hugeuka kwa pamoja, na hapo ndipo pa kupiga ukelele. Binti huniuliza jambo akiwa chini nami humjibu nikiwa juu, bila ya kutazamana. Leo aliuliza kama mke wangu alikuwa akijua kusoma. Nilimwambia kwamba alijua, na kwamba jioni tulikuwa tukikaa pamoja, kila mtu na kitabu chake, hakuna anayesema. Akauliza, "Sasa ulijuaje kama anasoma?" Nilimwambia arudi kwenye kazi yake.

Jumanne, 27 Agosti

Duba amekuja.

Jua lilikuwa utosini. Nilikuwa juu ya dungu nikipiga makelele, sauti imekauka, kanzu imefungwa kiunoni, kombeo likizunguka. Alikuja na bakuli la ugali na kambare wa kuchoma, akaliweka chini. Alimtazama Binti. Binti alikuwa na kitabu magotini, midomo imefungwa, kidole kikitembea chini ya mistari, na hakumwona baba yake. Duba alisimama pale kwa muda mrefu. Kisha akaniinulia uso.

"Mwalimu," alisema, "punguza kidogo. Mtoto anasoma."

Haya ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu nilipomkosea. Katika miaka yangu yote ya ualimu hakuna mzazi aliyewahi kuniambia ninyamaze.

"Nikipunguza, ndege watakula," nilimwambia.

Aliutazama mpunga wake. Alikuwa amekesha ubavuni mwa mpunga ule usiku kucha, na dumu la kupigia viboko kelele.

"Wale kidogo," alisema.

Alivua shuka ya begani, akaingia katika majaruba, akaanza kuipunga huku na huku, bila ya sauti. Baadhi ya ndege waliruka. Wengine walikula. Nilishuka. Tulipokula, nilimwambia kwamba neno nililomwambia kuhusu pishi ya mchele halikuwa neno la kweli. Alinimegea kipande cha mgongo wa kambare, penye nyama.

Jumanne, 17 Septemba

Mtihani, Garsen. Tulivuka watatu, Duba akipiga kasia. Wazazi hawakuruhusiwa kuingia. Duba alikaa chini ya dirisha, akawa anawazuia wapita njia wasipige kelele, kwa kuwanyooshea kidole tu. Yarrow alipita na punda wake, naye akazuiwa.

Binti alipotoka nilimwuliza ilikuwaje. Alisema, "Msichana wa mbele yangu alikuwa akisoma kwa midomo." Tulirudi tukamkuta Mama Binti juu ya dungu, mtoto mgongoni, kombeo mkononi.

Jumatano, 2 Oktoba

Kuvuna kumeanza. Shamba la Duba lina mapengo upande wa dungu. Kila apitaye huyaona, na Duba huwaambia, "Hapo pamesomwa."

Alhamisi, 24 Oktoba

Matokeo. Yarrow aliyavusha mwenyewe, bahasha ikiwa ndani ya kofia yake ili isilowe. Niliyasoma peke yangu, kisha nikaenda nayo uani kwa Duba, walikokuwa wakipura mpunga. Nilifungua kinywa nisome.

"Usisome wewe," alisema Duba. "Mpe mwenyewe."

Binti aliipokea karatasi. Watu waliacha kupura. Aliisoma tangu juu hadi chini, midomo imefungwa, na hakuna mtu aliyemharakisha. Alipomaliza aliikunja, akamwendea baba yake, akamshika sikio la kushoto.

Duba hakuniuliza imeandikwa nini.

Jumapili, 19 Januari 1958

Sikuandika kwa muda mrefu. Mvua za vuli zilikuwa kubwa, na mto uliingia hadi kizingiti cha shule.

Binti aliondoka Alhamisi kwenda shule ya kati, na sanduku la bati ambalo Mama Binti alilifunga kwa kamba ya mtumbwi. Nilimpa kamusi yangu. Alisema asante kwa ufasaha. Mtumbwi ulipofika katikati ya mto alisimama apunge mkono, baba yake akamkaripia akae.

Jioni ya leo nilikuwa barazani. Kijiji kilikuwa kimya, taa zikiwaka. Duba alipiga hodi. Hajapata kuja kwangu tangu nije hapa. Nilimtolea kiti, akakikataa, akaketi mkekani, mgongo ukutani.

Nilimwuliza kama nyumbani kuna jambo.

"Hakuna."

"Mama Binti hajambo?"

"Hajambo." Akakaa. Baadaye akasema, "Kule nyumbani kimya. Lakini si kile cha mtu anayesoma."

Nilimwambia kwamba ninakijua. Nilitafuta neno la kuongeza, kwa kuwa yeye ni mgeni na mimi ni mwenyeji, lakini alinizuia kwa kidole, kama alivyowazuia watu wa Garsen.

"Chukua kitabu, Mwalimu. Soma."

"Nikusomee?"

"Hapana. Soma vile vile, mdomo umefungwa. Mimi nitakaa."

Nilichukua kitabu kilichokuwa karibu, nikaisogeza taa. Alikuwa akinitazama kama alivyokuwa akimtazama mwanawe, kwa makini, bila ya kusema. Sikusoma hata mstari mmoja. Lakini nilikuwa nikifunua kurasa kwa wakati wake, asije Duba akadhani kwamba sisomi, akaondoka.